Kidole Juu ya Kikombe

Kituo chetu kina vyumba viwili tu, nyuma ya ua wa masista, upande wa mjini, mahali ambapo kengele za toleka, zile baiskeli za kubeba watu, zinafika lakini haziumizi masikio. Watoto wanaoletwa kwetu ni wale ambao shule zimewarudisha nyumbani: asiyesema, asiyemtazama mtu usoni, anayejigonga kichwa ukutani akisikia kelele. Tunakaa nao mezani mmoja mmoja na kuwafundisha mambo ambayo watoto wengine huyaokota njiani bila kufundishwa na mtu. Kuomba maji. Kungoja. Kujua kwamba kijiko kinaitwa kijiko.

Kabla ya hapo nilifundisha darasa la pili, na huko kosa lilikuwa na jibu moja. Mtoto akikosea, unasema "Apana! Mwengine?" na mikono inainuka darasa zima, na yule aliyekosea anakaa chini na kosa lake. Nilifikiri ndivyo dunia ilivyo. Siku yangu ya kwanza kituoni, sista anayekiongoza, mwanamke mfupi wa Maniema anayecheka kwa mabega, alinisikia nikisema "apana" na akaniita kando.

"Ule mutoto anasikia apana tangu asubui," aliniambia. "Ku nyumba apana, ku soko apana, ku kanisa apana. Ukiongeza yako, itamusaidia nini?"

"Sasa akikosa nifanye nini, sista?"

"Unyamaze. Umuonyeshe ile ya kweli, umuulize tena. Akipata, umupe kwanza vitu vyenye anajua, moyo yake irudi. Kisha urudilie ile ya nguvu. Malembe, malembe, polepole."

Ilinichukua muda kulizoesha koo langu kunyamaza. Neno lile lilikuwa linapanda lenyewe, kama kikohozi. Lakini nilizoea, na baada ya miaka kadhaa nilikuwa najivunia kidogo kwamba mtoto akikosea mbele yangu, hata nyusi zangu hazisogei.

Msichana ninayetaka kumsimulia alikuja mwanzoni mwa mwaka wa masomo, akiwa na miaka sita. Wazazi wake wanakaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Baba yake anafanya kazi ya reli, mama yake anauza samaki wa moshi, na siku za darasa mama ndiye aliyekuwa akivuka naye kwa pirogi, mtumbwi wa kuvushia watu. Alikuwa mtoto wa shingo ndefu, macho mapole, nywele zimekatwa hadi kichwani kwa sababu hakumkubalia mtu yeyote kumsuka. Hakukubali kuguswa kabisa. Ukimgusa bega, hata kwa ncha ya kidole, alijikunja kama lile jani la kando ya njia linalojifunga likiguswa. Neno hakuwa nalo hata moja.

Nilianza naye kwa vitu vitatu juu ya meza: kikombe, sahani, kijiko. Namwambia, "Nipe kikombe." Akichukua kikombe, nashangilia, nampa punje ya karanga. Akienda kwenye kitu kingine, nanyamaza, naelekeza kwa kidole kile cha kweli, namuuliza tena. Kwa mtoto mwingine ningemshika mkono na kuupeleka taratibu mahali pake, maana mkono ukifika pale, na kichwa kinafuata. Kwake haikuwezekana. Tukaenda hivyo hivyo kwa kidole, na alijifunza kikombe, akajifunza sahani, polepole, huku karanga zake akizipanga mstari ukingoni mwa meza bila kuzila.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Radi ilipiga karibu sana, mabati yakatetemeka, na kabla sijageuka mtoto alikuwa amenikamata mkono. Alinibana kwa vidole vyake vyote. Nami nikambana vilevile, kwa nguvu, kwa sababu kusema kweli hata mimi niliogopa. Tukakaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Hakulia, hakujikunja. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kapu lake, alifunika mdomo kwa kiganja.

Kuanzia siku ile alinikubalia mkono wangu. Sista alifurahi.

"Bon! Sasa unaweza kumusaidia kama wengine," akasema. "Kijiko ile haikamati mu kichwa, umupeleke na mukono."

Nikafanya hivyo. Namwambia, "Nipe kijiko." Kidole chake kinaenda juu ya kikombe. Nanyamaza, nauchukua mkono wake ndani ya wangu, naupeleka hadi kwenye kijiko, nasema, "Kijiko." Namuuliza tena, anapata. Namwambia, "Gusa pua," anagusa. "Piga makofi," anapiga. Narudia: "Nipe kijiko." Kidole juu ya kikombe.

Wiki ziliingia, wiki zikatoka. Kijiko hakikumkaa kichwani. Tena, jambo lililonitisha, vile alivyokuwa anavijua vikaanza kupotea. Ukimwomba kikombe, anagusa sahani. Ukimwomba sahani, kidole juu ya kikombe. Nilibadilisha vijiko, nikaleta kikubwa cha kupakulia, nikaleta cha plastiki chekundu. Nilibadilisha saa, nikabadilisha kiti. Sista alikaa nyuma yangu asubuhi nzima akitazama, na mwisho akatikisa kichwa.

"Unafanya muzuri. Kila kitu iko mu fasi yake. Tungoje."

Lakini mimi niliogopa kwamba mtoto anarudi nyuma. Nimewahi kuwaona watoto wanaorudi nyuma, wanaopoteza neno moja baada ya jingine kama mtu anayemwaga mchele njiani kutoka mfuko uliotoboka, na hakuna anayejua tundu liko wapi.

Siku moja mama alishikwa na malaria na baba ndiye aliyemleta. Alikuwa mwanaume wa maneno machache, aliketi kwenye benchi ya ukutani na kofia yake ya kazi juu ya magoti, akatazama somo lote. Tulipomaliza, nilimweleza kwa upole kwamba kijiko bado kinamsumbua mtoto.

"Kijiko?" aliuliza. "Metresi," akaniita, kama wanavyowaita walimu wanawake, "kijiko anajua."

"Papa, umeona mwenyewe vile amefanya."

"Nimeona. Lakini ku nyumba anajua. Minamutuma, analeta."

Nilitabasamu kama tunavyotabasamu sisi walimu. Karibu kila mzazi husema nyumbani mtoto anajua, na siwalaumu, mapenzi huona hata kisichokuwepo. Yeye aliliona tabasamu langu na hakukasirika.

"Alors, kuya kwetu Jumapili," akasema. "Kuya uone na macho yako. Mama atapika lituma."

Jumapili baada ya misa nilishuka ufukoni nikapanda pirogi ya injini. Mto ulikuwa umejaa, maji ya kahawia yanavuta kuelekea chini, na mwendeshaji alipanda kwanza juu sana kando ya ukingo kabla ya kuuachia mtumbwi usukumwe na mkondo hadi ng'ambo. Baba alikuwa ananingoja upande wa pili. Tulitembea hadi kwao, nyumba ya matofali yenye jiko la nje nyuma, na mama, aliyekuwa amepona, alikuwa amesimama kwenye kinu akitwanga ndizi zilizochemshwa za lituma. Mtoto aliketi karibu naye kwenye mkeka, anapanga vifuniko vya chupa.

Hatukusubiri hata nikaribishwe kiti. Baba alimwita mtoto kwa jina lake, akasema tu, bila kuinua sauti:

"Lete kijiko."

Mtoto alisimama. Alikwenda kwenye beseni la vyombo, akapitisha mkono juu ya vikombe, juu ya sahani, akachomoa kijiko, akampelekea baba yake. Kisha akarudi kwenye vifuniko vyake.

"Lete kikombe," baba akasema.

Akaleta kikombe.

Baba hakunitazama, na hilo lilikuwa heshima yake. Mimi nilihisi uso unawaka. Nikaomba nijaribu mwenyewe. Nilikaa chini kwenye mkeka mbele ya mtoto, nikaweka kikombe, sahani na kijiko katikati yetu, kama tunavyofanya kituoni.

"Nipe kijiko."

Aliinua macho akanitazama. Kisha kidole chake, bila haraka, kikaenda kutua juu ya kikombe, na kikakaa pale pale. Kwa mara ya kwanza sikukitazama kidole, nilitazama macho. Macho yake hayakuwa kwenye kikombe. Yalikuwa kwenye mkono wangu. Alikuwa anaungoja, na mwili wake wote ulikuwa umeshaanza kuinama kidogo upande wangu, kama mtu anayesogea apate joto la moto. Nilipouinua mkono wangu na kuushika wake, alifumba macho.

Nilielewa yote kwa mara moja. Akipata, nampa karanga, naye karanga hazitaki. Akikosea, nampa mkono. Mtoto huyu alikuwa hajasahau kitu. Alikuwa amepata njia ya kuniomba kitu alichokipenda, naye hakuwa na neno jingine la kukiombea, isipokuwa kosa.

Nilicheka, nikajikuta macho yamelowa. Nikawaeleza wazazi wake. Baba alipiga paja akacheka pamoja nami, "Eh! Anakucheza akili, metresi!" Lakini mama hakucheka. Aliuegemeza mchi kwenye kinu, akafuta mikono kwenye kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni.

"Kumbe anapendaka mukono," alisema.

Akavitazama viganja vyake.

"Mimi ananikatalaka. Tangu iko bebe kiloko. Tukivuka mayi, minamufunga na kikwembe, mukono yake na mukono yangu, juu ya woga. Batu ku pirogi banatuangalia, banafikiri minafunga mutoto kama mbuzi. Miye mama yake. Na ye anatafuta mukono ya mwengine."

Nilisogea nikakaa karibu naye kwenye kigoda, tukamtazama mtoto anavyopanga vifuniko. Mama alijiambia kama mtu anayefungua mjadala na nafsi yake: "Lakini anapenda. Donc iko kitu ndani." Kisha akainuka, akatupakulia lituma na samaki, na tukala.

Jumatatu nilimsimulia sista. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa mabega kwa kicheko, kisha akaacha kucheka.

"Tumemulipa juu ya kukosa," akasema. "Sasa tugeuze. Mukono ikuwe ya kupata. Akikosa, onyesha na kidole ya mbali, kama zamani."

Kusema ni rahisi. Asubuhi ya kwanza niliposema "Nipe kijiko," alitua kidole juu ya kikombe, akangoja. Nikaelekeza kijiko kwa mbali, mikono yangu nimeiweka magotini. Aliutazama mkono wangu. Akakibonyeza kikombe tena, kwa nguvu zaidi, kama anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina watu. Mkono haukuja. Akalia, kilio kidogo cha ndani ambacho sikuwahi kukisikia kwake, si kile cha hasira ambacho mama yake alisema humtoka sokoni. Kilikuwa cha mtu aliyekosewa. Nimekaa na watoto wengi wanaolia, lakini kukaa pale huku mikono yangu iko magotini kulikuwa kazi ngumu kuliko zote. Nilimwambia tu, "Niko hapa. Kijiko ile pale." Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata tena.

Kisha asubuhi moja, baada ya kukibonyeza kikombe na kulia kidogo, alinyamaza. Alitazama kijiko. Alikichukua kwa hasira, akanitupia mapajani.

Nilimshika mikono yote miwili, nikaibana kama siku ile ya radi. "Kijiko! Umenipa kijiko!" Alifumba macho. Nilipomwachia, alikichukua tena kijiko bila kuulizwa na kunipa. Nikambana tena. Alinipa kijiko mpaka sista akaja kuchungulia tunacheka nini.

Wiki ile alirudisha vyote vilivyokuwa vimepotea, kikombe, sahani, na akaongeza kitambaa na sabuni. Hakuwa amevipoteza kamwe.

Lakini maneno ya mama kule jikoni yalikuwa bado yananikaa moyoni. Nikamwomba sista ruhusa ya mama kuketi mahali pangu mezani. Sista alikubali mara moja. Mama hakukubali.

"Atalia, metresi. Mbele ya batu."

"Wacha alie. Hapa kila mutu analiaka."

Mwishowe alikubali, na siku yenyewe alikuja amenawa mikono kwa ndimu hadi vidole vikakauka, kwa sababu alidhani mtoto anachukia harufu ya samaki. Aliketi mahali pangu, mimi nikasimama nyuma yake. Akasema kwa sauti nyembamba, "Nipe kijiko." Mtoto alimtazama, akanitazama mimi, akachukua kijiko akampa. Mama akaunyoosha mkono na kuugusa wa mtoto, juu juu, taratibu, kwa woga wote wa miaka sita. Mtoto akajikunja, akauvuta mkono nyuma.

Mama alianza kuinuka. "Si nilikuambia?"

Nami ndipo nilipoona. "Mama, usimuguse hivyo. Unamugusa kama unagusa yai. Umushike nguvu. Kama unashika mchi."

"Nitamuumiza."

"Hautamuumiza. Jaribu."

Aliketi tena. "Nipe kikombe." Mtoto alisita, lakini alimpa. Mama akavuta pumzi, akauchukua ule mkono mdogo katika kiganja chake cha kutwangia, akaubana kwa nguvu kweli, huku yeye mwenyewe amefumba macho, kama anayengoja kupigwa. Mtoto hakujikunja. Alikaa. Bega lake likashuka. Kisha akaupeleka mkono wake wa pili, akauweka juu, ili nao ushikwe.

Nilitoka nje nikajifanya naanika vitambaa. Nilipochungulia, walikuwa bado wameshikana, vikombe na vijiko vimesahauliwa, na sista amesimama dirishani na tasbihi yake mkononi, hasali, anatazama tu.

Baada ya hapo mambo hayakwenda kwa miujiza. Kulikuwa na siku alimkataa mama, na siku alitukataa sote. Soko bado lilimtisha. Lakini mama alijua sasa namna ya kumshika, na kile kikwembe cha kumfungia mkono kilibaki tu kiunoni mwake mama wakati wa kuvuka. Baba naye alijaribu akakubaliwa, ingawa yeye alibana sana na mtoto akamsukuma, nao wakafanya mchezo wa kusukumana wa kila usiku ambao mama alisema ulikuwa unamaliza mafuta ya taa. Maneno yalianza mwaka uliofuata, kwa Kilingala kwanza, "mayi," yaani maji, halafu "te," yaani hapana, ambalo alilipenda kupita kiasi. Tuliokuwa tumejizuia muda wote kulisema mbele yake, sasa tukawa tunalisikia kutwa nzima, na sista alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa anasoma kwao Lubunga, darasa la kwanza, pamoja na watoto wadogo kuliko yeye, kwa mwalimu kijana ambaye alivuka akaja kituoni kututazama tunavyofanya, akaondoka bila kusema kama amependa au la. Simwoni tena kila wiki.

Mwezi uliopita nilishuka ufukoni kununua makaa yanayotoka ng'ambo, nikawakuta yeye na mama yake wanapakua makapu ya samaki. Amerefuka. Nywele zake zimeota, na kuna mtu aliyezisuka, mistari mitatu minene isiyonyooka sana. Mama alimsukuma kidogo mbele.

"Lamukia metresi."

Mtoto alinitazama begani, kama kawaida yake, akafikiri.

"Mbote, papa," akanisalimu kwa Kilingala, kama mtu anayemsalimu mwanaume.

Nilimwona mama anafungua mdomo, na najua lile neno, apana, lilikuwa linapanda. Alilimeza. Akainama karibu na sikio la mtoto.

"Mbote, mama," akamwambia polepole.

"Mbote, mama," mtoto akarudia.

"Mbote, mwana," nikamjibu.

Akageuka kutazama pirogi nyingine inayofika, imejaa ndizi hadi juu, na watu wanabishana nani ashuke kwanza. Mama alinifungia samaki wawili kwenye jani, akakataa katakata kulipwa, na nikaenda kutafuta makaa yangu kabla jua halijawa kali.